Jiwe Adimu Ndani ya Magadi

Mama wa nyumba aliyeko Mbingu, katika bonde la Kilombero, anunuapo fungu la magadi ili alainishe maharage au kisamvu, huleta jikoni kwake kitu kisichotoka katika ardhi ile. Kilombero ni nchi ya mito na mpunga. Chumvi zake huchukuliwa na maji mpaka Rufiji na baharini. Magadi ni mtoto wa nchi kavu, na mengi hutoka pande za Ziwa Natron, kaskazini ya Tanzania, chini ya mlima wa moto wa Oldoinyo Lengai.

Ziwa Natron halina mto utokao. Maji huingia, jua huyakausha, na kila kilichoyeyuka ndani yake hubaki. Wingi wake ni sodiamu na kaboneti, ndiyo magadi yenyewe. Lakini imo pia floraidi, itokayo katika miamba ya volkano. Kwingineko floraidi hushikwa na kalsiamu, ikawa jiwe lisiloyeyuka upesi, na madhara yake yakapungua. Natron kalsiamu ni haba. Basi floraidi hungoja majini mpaka yakauke, ndipo sehemu yake huungana na sodiamu na salfeti, yakazaliwa madini adimu yaitwayo kogarkoiti, ambayo wachunguzi wameyakuta katika magadi ya Tanzania.

Jina hilo limetokana na Bibi Lia Kogarko, mtaalamu wa Urusi, aliyeyapata katika miamba ya Lovozero. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1973, pamoja na habari za chemchemi za moto za Colorado, Marekani. Hayana rangi, au huwa na samawati hafifu. Kisu huyakwaruza, maji huyayeyusha. Katika kila gramu 10 za kogarkoiti safi, gramu 1 hivi ni floraidi. Wakusanyao mawe hufurahia kupata punje moja. Sisi twaitia chunguni bila kuijua.

Wala haya si maneno ya kutisha watu bure. Mwaka 1997 wataalamu wa meno walitoa habari za watoto wa Tanzania wenye madoa ya meno, hali maji ya kwao yalikuwa na floraidi kidogo tu. Magadi ya jikoni yakahusishwa na madoa hayo. Doa hili si uchafu, wala mswaki hauliondoi, kwa kuwa huingia wakati jino linapoumbwa ndani ya ufizi, tangu uchanga hata kiasi cha miaka 8. Mtoto huyo akikua hucheka mkono u kinywani, na wenziwe humdhania mvivu wa kupiga mswaki. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo hudhurika.

Magadi hayalingani. Yale ya vipande vigumu yaliyoganda ziwani kwa kawaida huwa na floraidi kidogo. Yale ya unga, yaliyokwanguliwa juu ya udongo, yaweza kuwa nayo mara nyingi zaidi. Hata hivyo jicho peke yake halihukumu. Na kuchemsha hakusaidii kitu: maji huondoka kwa mvuke, floraidi ikabaki katika mchuzi.

Maharage yakilowekwa usiku kucha, na maji yale yakamwagwa, huiva bila magadi, ijapokuwa kuni zitazidi kidogo. Kisamvu nacho kikitwangwa sawasawa na kuchemshwa sana hulainika chenyewe, kisha hutiwa tui. Wazee wapendao magadi katika ugoro wana habari yao mbali; tunayoisema hapa ni ya chungu wanachokilia watoto.