Acheni kununua samaki wawili wawili

Samaki wangu wa kwanza walikuwa wanane, na wote walikufa ndani ya wiki tatu. Muhula huo nilikuwa nimeacha chuo, karo imekataa kabisa, mchana kutwa niko kwa bedsita peke yangu. Nikaamua angalau niwe na kitu chenye uhai ndani ya nyumba. Muuzaji mmoja akaniuzia tangi la kioo na kunipa ushauri wa bure: "Chukua wawili wa hawa, wawili wa wale, tangi litapendeza, bro."

Nikabeba neoni wawili, danio wawili, wawili wa wale barbi wenye milia wanaoitwa tiger, na wawili wanaoitwa angel. Tiger wakaanza kuwatafuna angel mapezi. Neoni wakajificha nyuma ya kichujio, wakakataa chakula na rangi yao ikafifia. Danio mmoja aliruka nje, nikampata sakafuni asubuhi akiwa amekauka.

Nilidhani nina mkosi. Kumbe nilinunua samaki kama mtu anayechagua peremende.

Hebu tuambiane ukweli. Hawa samaki wadogo ni viumbe wa kundi. Huko mitoni wanakotoka, adui hupata shida kumlenga mmoja wakiwa wengi. Ukimweka neoni mmoja au wawili pekee, anaishi kwa hofu saa zote. Hali, anafifia, anaugua. Sita wa aina moja ndio mwanzo, kumi ni bora. Hata tiger, ambaye kila mtu anamwita mkorofi, wakiwa wanane au zaidi hufukuzana wenyewe kwa wenyewe na kuwasumbua wengine kidogo. Lakini bado usimchanganye na samaki wenye mapezi marefu.

Najua utaniambia pesa ni ngumu. Nakuelewa, mimi mwenyewe nahesabu kila shilingi. Lakini samaki wanane ni wanane tu. Wa aina moja hawatakugharimu kuliko mchanganyiko, na hutarudi dukani kila wiki kununua wengine wa kujaza pengo.

Sasa, aina gani? Kwa sisi wa Nairobi, mimi nasema danio. Neoni anang'aa, sikatai, lakini ni mtoto wa Amazon. Anapenda maji laini yenye joto la nyuzi 22 hadi 26. Hapa kwetu, Julai usiku, maji ya tangi lisilo na hita yanaweza kushuka chini ya nyuzi 20. Na hata ukiwa na hita, stima ikipotea usiku mzima hita ni pambo tu. Maji ya kisima nayo, yale tunayoletewa na bowsa, yanaweza kuwa magumu.

Danio ametoka pande za India, Nepal na Bangladesh. Anavumilia nyuzi 18 bila drama, na maji magumu hayamtishi. Ni samaki wa sentimita nne hivi, mwenye mistari ya buluu, mwepesi ajabu. Wanasayansi duniani kote humfuga maabara kwa utafiti, na sababu mojawapo ni kwamba ni rahisi kumtunza. Anachohitaji ni nafasi ya kukimbia, yaani tangi lenye urefu wa sentimita 60 hivi, na kifuniko. Kifuniko usisahau, mimi nilijifunza kwa uchungu.

Walio Mombasa hawana shida ya baridi, kwa hivyo uwanja wao ni mpana zaidi.

Kosa langu lingine, na hili si la muuzaji, ni kuwatia samaki siku ileile niliyojaza maji. Tangi jipya halina bakteria wa kumeza amonia inayotoka kwenye uchafu wa samaki. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Anza na samaki wachache, walishe kidogo, badilisha sehemu ya maji mara kwa mara, kisha ongeza wenzao polepole. Maji ya mfereji yaache kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke.

Ukifika dukani, usikimbilie kulipa. Simama dakika kumi utazame. Wanaogelea pamoja? Mapezi ni mazima? Kuna maiti chini ya tangi? Ukiona maiti, ondoka.

Leo nina danio kumi, na hawa wamemaliza mwaka. Si tangi la rangi nyingi, na wageni wengine huniuliza mbona wote wanafanana. Nawaambia wakae kidogo waangalie. Kumi hao wakigeuka kona pamoja, hakuna anayeuliza tena.

Kwa hivyo muuzaji akikuambia uchukue wawili wawili, mwambie hapana. Akupe kumi wa aina moja.