Konokono Hakusafishii Nyumba



Siku hizi tangi la samaki wa maji ya chumvi limekuwa pambo la sebule, na wapo mabiharusi wanaotaka liwemo katika vyombo vya nyumba mpya. Sina ubaya nalo. Ninachokipinga ni ile kauli ya wauzaji: "Tia konokono na kaa, watakusafishia."

Mimi niliiamini. Niliweka tangi chumba ambacho mabiharusi wangu hujaribia nguo, na wiki ile ile ya kutia maji nikatia konokono 20 na wale kaa wadogo wanaoishi ndani ya makombe. Siku ya kumi mteja alikuja kujaribu gauni lake, akaziba pua. Konokono walikuwa wamekufa nyuma ya mawe, mie nikidhani wamepumzika.

Ukweli ni huu: konokono anakula mwani na mabaki ya chakula, lakini naye anakwenda haja. Uchafu haujatoka, umebadilika sura tu. Ni sawa na msaidizi anayefagia vizuri, lakini taka akaziacha nyuma ya mlango. Kinyesi na mizoga ikioza hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaokaa kwenye mawe na mchanga huigeuza kuwa nitriti, nayo sumu, kisha nitrati, ambayo ukali wake ni mdogo ila hujilimbikiza na kuzidisha mwani. Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Mara nyingi huchukua wiki 4 hadi 6. Tena halina hata mwani, kwa hiyo uliyemleta afanye usafi anakufa kwa njaa.

Basi subiri. Pima maji mpaka amonia na nitriti zisome sifuri. Kisha tia konokono wawili watatu, uongeze kadiri mwani unavyoongezeka. Samaki walishe kidogo kidogo. Kila wiki nyonya uchafu wa mchangani kwa mpira, na ubadilishe kiasi cha asilimia 10 ya maji kwa maji mengine ya chumvi yaliyo safi. Konokono asiyetikisika mtoe umnuse. Akiwa ananuka, usimrudishe.

Sote tunaijua habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Konokono ndani ya kioo naye amefungiwa. Ni amana, udogo wake haumwondolei haki.

Kwa hiyo biharusi, kabla hujaomba tangi, jiulize kama kila wiki utapata nafasi ya kulihudumia, katika miezi ile ambayo hata nyumba yenyewe bado unaizoea. Ukiona huwezi, tandaza asumini sebuleni. Zinanukia, na zikinyauka hakuna nafsi utakayoulizwa.