Ombi moja likizaa kumi: mchezo wa kugawanya hataza

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu na baadhi yenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika kodi. Sijaacha. Nilikuwa nasoma sheria, jambo ambalo silipendekezei mtu yeyote mwenye shinikizo la damu.

Chanzo ni hiki. Mimi na wenzangu wawili tuliwahi kuandika moduli ya kusoma risiti kwa kamera ya simu: unapiga picha, programu inatoa jina la duka, tarehe na jumla. Mteja alikuwa kampuni ndogo ya Marekani inayouza programu za uhasibu kwa wenye maduka. Kabla hatujaanza alituomba tuhakikishe hatukanyagi hataza ya mtu (au patenti, kama wengi tunavyoiita). Nikaipata moja iliyokuwa karibu. Niliisoma yote, kurasa sitini na zaidi, na chupa nzima ya chai. Madai yake yalikuwa wazi: picha inatumwa kwenye seva, seva inaichambua, jibu linarudi kwenye simu. Sisi tukaamua kazi yote ifanyike ndani ya simu yenyewe. Ilikuwa ngumu zaidi, simu za wakati ule hazikuwa na nguvu, lakini tulikuwa tumeuheshimu uzio wa jirani.

Miaka miwili baadaye mteja akapokea barua ya wakili. Hataza ilikuwa mpya na nambari yake mpya, lakini maelezo yalikuwa yale yale, neno kwa neno, hadi makosa ya uchapaji. Kilichobadilika ni madai. Sasa yalisema picha inachambuliwa ndani ya simu. Ombi hilo jipya lilipelekwa miezi minane baada ya moduli yetu kuonyeshwa hadharani, lakini kisheria lilihesabiwa kuwa na tarehe ya ombi la kwanza, miaka mingi kabla yetu. Uhalali wake wote ulitoka kwenye sentensi moja ya ukurasa wa 41, iliyosema kwamba katika baadhi ya matoleo uchambuzi unaweza kufanyika kwenye kifaa. Basi. Mteja alisimamisha mradi na malipo ya mwisho, shilingi 380,000, hatukuyaona tena. Simlaumu sana. Wakili wa kule anakula pesa hiyo kabla ya chakula cha mchana.

Tuelewane kwanza kuhusu kinachotendeka, maana wasomaji wangu wengi ni watu wa kodi kama mimi. Ombi la hataza lina sehemu mbili kubwa. Kuna maelezo, ambapo mvumbuzi anasimulia alichobuni, na kuna madai, ambayo ndiyo mipaka ya shamba. Kinachokufunga wewe ni madai. Sheria inataka ombi moja liwe na uvumbuzi mmoja, au kundi la uvumbuzi lililofungwa na wazo moja. Mkaguzi akiona uvumbuzi wa pili umejibanza humo, anamwambia mwombaji achague mmoja. Ule wa pili unaweza kutolewa na kuwekwa katika ombi lake lenyewe, ombi la mgawanyo, ambalo linarithi tarehe ya ombi mama. Sharti kubwa ni kwamba ombi mwana haliruhusiwi kuongeza kitu ambacho hakikuwemo kwa mama. Kule Ulaya hilo liko katika Ibara ya 76 ya Mkataba wa Hataza wa Ulaya. Marekani wana majina mawili, mgawanyo ukilazimishwa na mkaguzi na muendelezo ukijitakia mwenyewe, lakini kwa anayepokea barua ya wakili tofauti hiyo haina maana.

Kwa lugha yetu: unahifadhi faili leo, na mfumo unaipa tarehe ya miaka kumi iliyopita. Jaribu kufanya hivyo kwenye hazina ya kodi ya timu yako uone kama utabaki na kazi.

Rafiki yangu mmoja mwanasheria, ambaye tumebishana naye hadi mke wake akatufukuza sebuleni, anasema mgawanyo ulibuniwa kumlinda mnyonge. Na hapo sina ubishi naye. Mvumbuzi asiye na pesa anaandika kila kitu kwenye ombi moja kwa sababu ada ya mawili hana. Ikiwa mkaguzi atamwambia huu ni uvumbuzi wa aina mbili, si haki apoteze tarehe ya ule wa pili. Ndiyo maana Mkataba wa Paris, katika Ibara ya 4G, unazitaka nchi wanachama, Kenya ikiwemo, zimruhusu mwombaji kugawanya ombi na kubaki na tarehe yake. Mtu akifanya hivyo mapema, mwaka wa kwanza, wa pili, hata wa tatu, mimi nampigia makofi.

Hasira yangu ni kwa yule anayeacha ombi moja wazi makusudi, kama mlango wa nyuma, mwaka baada ya mwaka, akichungulia soko. Akiona mwenzake ametoka na bidhaa, anarudi mezani na kuandika madai mapya yanayoikaa bidhaa ile kama suti ya fundi. Hakubuni bidhaa hiyo, ameipima tu.

Bingwa wa mchezo huu alikuwa Jerome Lemelson. Alipeleka maombi mwaka 1954 na 1956, akayagawanya na kuyaendeleza kwa miongo, na hatimaye kampuni zilizotumia kamera za viwandani na visomaji vya kodi-mistari zikaambiwa zimlipe. Msimbo wa kwanza wa aina hiyo ulisomwa dukani huko Troy, Ohio, Juni 1974, kwenye pakiti ya chingamu. Yeye alikuwa bado anaandika madai. Alifariki mwaka 1997, na wakfu wake ukaendelea kudai. Ilikuwa hadi kesi ya Symbol Technologies, iliyoamuliwa na mahakama ya rufaa mwaka 2005, ndipo hataza hizo zikatangazwa haziwezi kutekelezwa kwa sababu ya ucheleweshaji usio na sababu, wa kati ya miaka 18 na 39. Thelathini na tisa! Kuna wasomaji wangu ambao hawajafikisha umri wa ucheleweshaji huo.

Rafiki yangu hapa hujibu haraka: hayo yaliisha. Tangu Juni 8, 1995 hataza ya Marekani inahesabiwa miaka 20 kutoka ombi la kwanza, si miaka 17 kutoka kutolewa, kwa hiyo mtu akichelewa anajila mwenyewe. Ni kweli kwa dawa na mashine. Kwetu sisi miaka 20 ni milele. Chukua ombi la mwaka 1997, ambalo familia yake iliishi hadi 2017. Katikati hapo ilizaliwa M-Pesa, zikaja simu za Android, wino wa faksi ukakauka. Mwenye ombi hilo angeweza kukaa kivulini mwaka 2010 akiandika madai kuhusu simu ambazo mwaka 1997 hata hakuziota, ilimradi apate sentensi moja yenye maneno mapana ya kutosha.

Na usidhani ni historia. Sonos walipeleka ombi lao kuhusu makundi ya spika mwaka 2006. Google wakatoa bidhaa zao mwaka 2015. Madai yaliyotumika kuwashtaki Google yaliandikwa mwaka 2019, kupitia muendelezo. Mwaka 2023 baraza la mahakama liliwapa Sonos dola milioni 32.5. Miezi michache baadaye Jaji William Alsup akafuta, akisema ucheleweshaji ule haukubaliki. Nilifurahi mapema mno, maana Agosti 2025 mahakama ya rufaa ilimpindua, ikisema Google hawakuthibitisha kwamba kuchelewa huko kuliwadhuru. Sina machozi ya kumlilia Google, ana mawakili kuliko wanakijiji wa kwetu. Lakini ukisoma uamuzi huo ukiwa mtu mdogo unaelewa jambo moja: dawa ya mahakamani ipo, ila ukitaka kuinywa inabidi uwe na uwezo wa Google, na hata hivyo huenda isikuponye.

Kwenye dawa za hospitali mambo ni mabaya zaidi. Oktoba 31, 2024 Tume ya Ulaya iliitoza Teva faini ya euro milioni 462.6 kuhusu Copaxone, dawa ya ugonjwa wa neva unaoitwa multiple sclerosis. Hataza ya msingi ilikwisha 2015. Kwa mujibu wa Tume, kampuni ilikuwa imepeleka maombi ya mgawanyo kwa awamu, yanayofanana, na washindani walipopinga moja na likaelekea kuanguka, liliondolewa kabla ya uamuzi ili lisije likawaangusha ndugu zake. Mshindani anaanza upya na mtoto anayefuata. Teva walisema watakata rufaa. Sawa, wakate. Mimi ninachokiona ni kwamba ililazimu watu wa sheria ya ushindani waingilie kwa sababu kanuni za hataza zenyewe ziliuacha mlango wazi.

Kwani hakuna aliyejaribu kuufunga? Wamejaribu, na hapa ndipo ninapopandwa na mori. Agosti 2007 ofisi ya hataza ya Marekani ilitangaza kanuni: maombi mawili tu ya muendelezo, na zaidi ya hapo ueleze kwa nini madai yako hukuyaleta mapema. Swali la kawaida kabisa, hata mwalimu wa darasa la tatu huliuliza. Kanuni zilitakiwa kuanza Novemba 1. Oktoba 31, siku moja kabla, jaji wa Virginia alizisimamisha katika kesi iliyofunguliwa na mvumbuzi mmoja, Tafas, pamoja na GlaxoSmithKline. Kesi ikazunguka hadi Oktoba 2009, ofisi yenyewe ikazifuta.

Ulaya nao waliweka kikomo kuanzia Aprili 1, 2010: miezi 24 tangu barua ya kwanza ya mkaguzi. Wazo zuri, utekelezaji mbovu. Saa ilianza kuhesabu kutoka kwenye barua iliyomo ndani ya faili, na mkaguzi akitoa pingamizi jipya la umoja saa nyingine inaanza, hadi mawakili wenyewe wakawa hawajui ni saa ngapi. Watu wakagawanya maombi kwa hofu tu, wasije wakafungiwa. Basi wakubwa wakaona heri waachane nayo, na kuanzia Aprili 1, 2014 ukawa unaweza tena kugawanya wakati wowote ombi likiwa hai. Badala ya kikomo wakaweka ada ya ziada: wakati huo euro 210 kwa kizazi cha pili, ikipanda hadi 840 kwa kizazi cha tano. Euro 840! Mlinzi wa lango ameondolewa, wameweka mtu wa kukata tiketi. Marekani nao wameiga: tangu Januari 2025 muendelezo unaokuja baada ya miaka sita unaongezewa dola 2,700, na baada ya miaka tisa dola 4,000. Anayesubiri dola milioni 32 atalipa akicheka. Anayeumia ni yule mvumbuzi mnyonge ambaye rafiki yangu anadai kumtetea.

Kosa la Ulaya lilikuwa mahali pa kuanzishia saa. Ianzishe kwenye tarehe ambayo ulimwengu mzima unaiona, yaani tarehe ya ombi la kwanza. Mpe mwombaji miaka mitano agawanye apendavyo. Mkaguzi akichelewa na kumlazimisha kugawanya baada ya hapo, apewe miezi kadhaa, kwa madai yale aliyoyaleta tayari, si mapya. Na aliyeanza kutumia jambo hilo kwa nia njema kabla madai mapya hayajachapishwa, aachwe aendelee. Msiniambie ni ndoto ya mtu wa kodi. Sheria ya Marekani inayo tayari, ila kwenye chumba kingine: mwenye hataza iliyokwisha kutolewa akitaka kuipanua kwa kuitoa upya ana miaka miwili tu, na waliokuwa wakitumia kabla wanaweza kulindwa. Lakini akiacha ombi mwana hai, anapanua vile vile bila kikomo na bila mlinzi. Ni nyumba moja yenye milango miwili, mmoja una kufuli na mwingine hauna hata bawaba. Rafiki yangu aliposikia hoja hii alinyamaza kidogo, kisha akasema chai imepoa.

Kuna mtakaosema hataza ya Marekani haina nguvu Luthuli Avenue. Ni kweli, hataza hufa mpakani. Lakini wateja wetu hawako Luthuli Avenue peke yake. Na hiyo Ibara ya 4G ina kipande cha pili ambacho hakitajwi sana: kila nchi ina haki ya kuweka masharti yake ya mgawanyo. Kwa hiyo sheria yetu ya mali ya viwanda ya mwaka 2001 itakapofunguliwa tena bungeni, kikomo cha miaka na kinga ya mtumiaji wa nia njema vinaweza kuingizwa bila kuvunja mkataba wowote. Nimeanza kuandika mapendekezo, kurasa nne hadi sasa. Mwenye nafasi ya kuyapitia aniandikie.

Kwa sasa, nikisoma hataza siishii kwenye madai. Naingia Espacenet, ni bure, natafuta familia yake na kuangalia kama kuna ombi mwana ambalo bado liko hai. Kama lipo, nasoma maelezo yote kana kwamba kila sentensi ni dai. Ile moduli ya risiti bado iko kwenye diski yangu. Inafanya kazi vizuri, kwa njia, hata risiti zilizofifia inazisoma.