Mwanga Una Wakati Wake



Ndugu wasomaji, hivi karibuni nilimzuru binti yangu aliyeolewa Gitothua, huko Ruiru. Nyanya yake, aliye Mombasa, hana tena nguvu za safari. Ombi lake lilikuwa moja tu: apelekewe picha ya mahali anapoishi mjukuu wake. Binti alikwisha kumpelekea nyingi kwa simu, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: "Naona weupe mtupu, mjukuu wangu. Huo mlima unaousifu u wapi?"

Mlima wenyewe ni Kilimambogo, wenye urefu wa mita 2,145, ulio mashariki ya Gitothua. Nilimwuliza binti huupiga picha saa ngapi. Akasema, "Asubuhi, Baba, nimalizapo kazi za nyumbani." Kumbe saa hizo jua huwa upande wa mlima, nalo huikabili simu uso kwa uso.

Elimu hii si ngeni kwetu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Cairo takriban mwaka 1040, alibainisha kwamba jicho huona kwa nuru inayoliingia, wala halitoi nuru yake lenyewe. Kamera nayo ni hivyo, na nuru inayoiingia ina kipimo: ikipungua sura huzama gizani, ikizidi hufutika.

Anayehifadhi nyakati za sala tayari anayo saa ya mwanga. Baada ya Alfajiri, kabla jua halijachomoza, mlima huonekana mweusi juu ya wekundu wa mbingu. Adhuhuri jua huwa utosini, na rangi hupauka. Alasiri jua limekwisha kuelekea magharibi, mgongoni mwa mpigaji, na mlima huangazwa wote. Lakini usikawie, kwani huku karibu na ikweta jua huchwa upesi.

Kisha gusa kwenye kioo cha simu pale mbingu inapong'aa zaidi, upunguze mwanga mpaka mawingu yaonekane. Kilichofichwa na kivuli chaweza kuangazwa kidogo baadaye. Kilichoungua kwa weupe hakirudi.

Siku ile tulisali Alasiri, tukapanda darini. Baada ya Isha nyanya akapiga simu: "Sasa nimeuona. Nikimwombea dua mjukuu wangu, najua yuko wapi."

Wabillahi tawfiq.