Ukaguzi wa magari uanzie chini ya gari

Tangu Raila Odinga azikwe Kang'o ka Jaramogi, Bondo, Oktoba 19, 2025, wenzetu wa Pwani wanaokwenda kuzuru kaburi wana safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa. Wasio na gari hushuka Kisumu na kumalizia na Probox. Kipande hicho cha mwisho ndicho kinachonitia wasiwasi.

Magari ya abiria hukaguliwa na NTSA kila mwaka. Ni vyema. Lakini cheti cha Januari hakijui lolote la Agosti, baada ya miezi saba ya mashimo, matuta na watu wanne kubanana kiti cha nyuma. Toyota ilipoitoa Probox mwaka 2002 ilikusudia gari la mizigo ya maduka, na kweli ni gumu. Ugumu huo ndio unaotudanganya, maana huendelea kwenda hata bolijointi ikiwa imekwisha.

Dalili zipo kwa anayetaka kuziona. Gari hugonga ko-ko-ko mbele likipita penye mashimo. Bonyeza kona ya boneti, kisha uachie: likiendelea kurukaruka, au ukiona mafuta yamevujia kwenye shoki, shoki imekufa. Liinue kwa jeki, ushike tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, shuku beringi. Ukibaki, shuku bolijointi, na hiyo haiahirishwi hata siku moja. Ikichomoka, gurudumu hulala na usukani hauna kazi tena. Tairi likicheza kushoto na kulia, tazama tairodi.

Kutengeneza nako kuna mambo yake. Shoki hubadilishwa mbili mbili. Bushi mpya, fundi akikaza bolti zake gari likiwa bado linaning'inia, mpira hukaa umejisokota na kupasuka mapema, kisha lawama zote huenda kwa spea feki. (Feki nazo zipo, tusijifanye.)

Basi mbona dereva hatengenezi? Mara nyingi gari si lake. Hata siku ya gareji tajiri anataka hesabu yake, kwa hiyo dereva anaongeza sauti ya redio na kuendelea. Kukaza ukaguzi bila kugusa hesabu ni kumwadhibu dereva peke yake. Sacco zingeanzia hapo: siku gari liko juu ya jeki, hesabu isidaiwe, na spea anunue mwenye gari.