Kumtukana Mwandishi si Kumjibu

Imekuwa ada ya zama hizi kwamba mwanamke akiandika habari za siasa ziwachomazo wakubwa, hajibiwi kwa hoja bali hutukanwa sura yake na maumbile yake, na wengi wetu huyapita matusi hayo tukidhani ni upuzi wa vijana wasio na kazi. Dhana hiyo ni batili, na aliyeubainisha ubatili wake kwa dalili ni Maria Ressa wa Ufilipino.

Bibi huyu, aliyekuwa ripota wa CNN kwa miaka mingi, aliasisi pamoja na wanawake wenzake gazeti la intaneti la Rappler mwaka 2012. Na Oktoba 2016, Rodrigo Duterte alipokuwa ameshika urais na vita vyake vya dawa za kulevya vikiua watu kila usiku, walichapisha makala yaliyofichua jinsi akaunti za bandia za Facebook zilivyotumiwa kueneza uzushi. Hapo ndipo matusi yalipomwandama, na kwa hesabu yake mwenyewe yalifikia 90 kwa saa, hata ugonjwa wake wa ngozi ukafanyiwa dhihaka.

Kwa nini ngozi? Kwa sababu mwenye kutaka kumkadhibisha mwandishi hulazimika kuleta ushahidi, ilhali mwenye kumvunjia mwanamke heshima ya mwili wake halazimiki kuleta chochote, na umma uliokwisha kumcheka mtu ni vigumu kumsikiliza, seuze kumtetea siku atakapopelekwa kizimbani. Na kizimbani alipelekwa: Juni 2020 mahakama ya Manila ilimtia hatiani kwa kashfa ya mtandaoni, kwa makala yaliyotolewa kabla sheria yenyewe haijapitishwa, hoja ikiwa kwamba mwaka 2014 yalisahihishwa kosa la herufi moja. Hiyo ni dhulma, na tuzo ya amani ya Nobel aliyopewa mwaka 2021 haikuifuta.

Wala si yeye peke yake, kwani UNESCO ilipowahoji waandishi wanawake wa nchi nyingi, asilimia 73 walisema wamewahi kushambuliwa mtandaoni.

Basi, ndugu msomaji, ikikufikia katika simu yako picha ya mwandishi mwanamke iliyotiwa maneno machafu, usimpelekee mwingine. Yatafute makala yake uyasome, na ukiona amekosea, mwandikie kosa lake lilipo, nawe utie jina lako.