Koti la Mvua Si Mtumbwi

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, ambaye huteremsha mvua baada ya waja wake kukata tamaa, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Juma lililopita, baada ya Sala ya Alasiri, mama mmoja wa Minjila alinisubiri kwenye baraza ya madrasa akiwa na mfuko mkononi.

"Shikamoo, shehe."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, ila likitanda wingu tu, hakuna wa kuwazuia ndani."

Mfukoni mlikuwa na koti la mvua la mtoto wa miaka minne, zawadi ya wifi yake aishiye Sweden. Alitaka kujua mambo mawili: kama ni vyema kumwacha mtoto acheze mvuani maadamu ana vazi hilo, na kama awanunulie nduguze wawili makoti mfano wa hilo, ilhali fedha zenyewe ni za kuhesabu. Nilimjibu kwa ufupi. Jibu refu ni hili.

Kucheza mvuani si kosa. Anas bin Malik, radhi za Allah ziwe juu yake, amesimulia kwamba mvua iliwashukia wakiwa pamoja na Mtume, naye akafunua sehemu ya nguo yake ili maji yamfikie mwilini, kwa kuwa yalikuwa yametoka karibuni kwa Mola wake. Basi mzazi amkemeaye mwanawe kwa kuyafurahia matone na atafakari kidogo. Kisa cha Umm Khalid nakipenda zaidi. Alikuwa binti mdogo aliyezaliwa Uhabeshi. Akaletwa mbele ya Mtume, akavishwa kwa mkono wake mtukufu nguo nyeusi yenye mapambo, na akaombewa aivae hata aichakaze. Katika riwaya nyingine, alipoanza kuchezea muhuri wa Utume na babake akamkaripia, Mtume alimwambia amwache. Nguo ya mtoto, basi, ni ya kuchakazwa kwa kuvaliwa. Haikushonwa ilale sandukuni mpaka imbane.

Lakini koti lile la Sweden lilinitia jasho kwa kulitazama tu. Limekusudiwa nchi ambako mvua huja na baridi, na ndani lina bitana nene kama blanketi. Garsen mvua ya masika huteremka hewa ingali na joto. Mtoto akikimbia dakika chache ndani ya koti kama hilo, jasho halina pa kutokea. Atalowa kwa ndani kama ambavyo angelowa kwa nje, na usiku atajikuna harara. Mtoto wa Tana mchagulieni koti jepesi la safu moja, pana kwapani, na ikipatikana lenye matundu ya hewa mgongoni yaliyofunikwa na kipande cha kitambaa. Chini yake fulana moja ya pamba yatosha. Mvua ikikatika, koti livuliwe.

Kwenye mitumba, msitosheke na neno la muuzaji. Kunjeni kitambaa kama kikombe, mtie maji kidogo. Yakiviringika kama juu ya jani la jimbi, ni zima. Kitambaa kikigeuka rangi na kunywa maji, utando wake umekwisha. Kisha ligeuzeni ndani nje mtazame mishono, kwa maana kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Koti zuri lina ukanda mwembamba uliobandikwa juu ya mshono kwa ndani. Tabu hii ni ya zamani: mwaka wa 1823 Charles Macintosh wa Scotland alipata hataza ya kubandika mpira kati ya vitambaa viwili, na makoti yake yalipofika kwa mafundi yakaanza kuvuja mishononi. (Sisi utotoni koti letu lilikuwa jani la mgomba, nalo halikuwa na mshono.) Kamba za kofia zinazopita shingoni zikateni pale pale, kamba ikinaswa kwenye tawi au msumari wa banda, humnyonga mtoto kabla hajaweza kuita.

Sasa viatu, na hapa sina budi kukiri kosa langu. Katika mvua za mwaka wa 2024, Tana ilipofurika, nilimnunulia mjukuu wangu gambuti kubwa kwa namba mbili ili zimfae masika mawili, pamoja na koti la buluu iliyokoza lisiloonyesha uchafu. Nikajisifu mbele ya wenzangu kwamba nimeepuka israfu. Jioni moja, Magharibi ikikaribia, mtoto aliteleza mtaroni kando ya barabara. Gambuti zilijaa maji na tope, asiweze kuinua mguu kuupanda ukingo. Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka pale, nikimtafuta kwa macho nisimwone, kwa kuwa koti lile na maji yale katika giza la jioni vilikuwa rangi moja. Mama mmoja muuza samaki, aliyekuwa akirejea kwake, aliuona mkono, akaingia na leso zake na kumtoa. Sijapata kumlipa, wala sijui ningemlipa nini.

Tangu siku hiyo, gambuti za wajukuu zangu huzidi dole gumba la mguu kwa upana wa kidole kimoja, basi. Na makoti yao ni ya manjano au rangi ya machungwa, hata wakicheka watu.

Sisemi gambuti ni mbaya. Maji yaliyotuama huku kwetu yana konokono wa kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi ya mguu mtupu. Mafuriko huchukua uchafu wa vyoo, na nyoka hukimbilia pakavu pale pale tunapokimbilia sisi. Gambuti humkinga mtoto na hayo, maadamu maji hayajavuka kifundo cha mguu. Kabla ya kuvaliwa zikung'utwe, huenda nge amelala humo.

Ila mto ni jambo jingine. Maji ya Tana hutoka Mlima Kenya na safu za Nyandarua, hupita Masinga na mabwawa yaliyo chini yake, na kusafiri kilomita zinazokaribia 1,000 mpaka baharini. Garsen yaweza kufurika chini ya mbingu isiyo na wingu, kwa mvua iliyonyesha mbali. Mtoto aliyevaa koti hujiona mkavu, na anayejiona mkavu huyasogelea maji. Mzazi naye, akiliona koti, hulegeza macho. Michezo ya mvua iwe uani, na mtu mzima awe karibu kiasi cha kumfikia mtoto kwa mkono. Mto ukipanda, hakuna vazi linaloruhusu mtoto kuusogelea, achilia mbali mamba.

Kuhusu fedha, yule mama nilimwambia hivi: zikitosha kitu kimoja tu, anunue gambuti zinazowakaa watoto sawasawa, aache makoti. Mvua ya kwetu ikimlowesha mtoto kichwani, taulo na nguo kavu zitamaliza shauri hilo. Maradhi huingilia miguuni. Zikibaki senti, atafute makoti mepesi ya mitumba.

Lile la Sweden hatukulitupa. Mke wangu alileta mkasi, tukaitoa bitana pale pale barazani, na rangi yake nyekundu ilikuwa imeshanipendeza. Bitana, nasikia, sasa ni tandiko la paka.

Wabillahi tawfiq.